HABIB SALEH WA AMU NA WALIOJIFUNZA KWA KUMTAZAMA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), hii ni habari ya Sayyid Saleh bin Alawi Jamalil-Layl, ambaye watu wa pwani humwita Habib Saleh. Alizaliwa Ngazija kiasi cha mwaka 1853, akaja Amu angali kijana, akakaa kwa jamaa zake akitafuta ilmu.

Zama hizo ilmu ya Amu ilikuwa mikononi mwa nyumba chache. Mtumwa na mwana wa mtumwa hawakuwa na darsa, wala hapana aliyewatazamia kuwa nayo. Habib Saleh akatoka katikati ya mji, akajenga kibanda pembezoni, akakaa na watu hao. Wengi wao hawakujua alifu wala be. Mtu wa namna hiyo haanzi kwa kitabu. Huanza kwa kuonyeshwa.

Na njia hii si bid'a. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipata kusali juu ya mimbari, akarukuu huko juu, kisha akashuka kinyumenyume akasujudu chini yake, kisha akarejea, ili watu wote wamwone na wajifunze sala yake. Mtoto wa Amu, na vivyo hivyo mtoto wa Mlowo huko bara ya mbali, husujudu ubavuni mwa babake kabla hajaweza kuisoma Fatiha.

Kisha ikaja kutoka Seiwun, Hadhramaut, maulidi aliyoitunga Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi. Habib Saleh akaisomesha kwa matari na kwa sauti za watu wote pamoja. Asiyejua Kiarabu alikaa safuni akamtazama jirani yake, akaitikia alipoitikia, hata siku moja yeye akawa ndiye atazamwaye.

Baadhi ya wakubwa wa mji wakakasirika, wakasema matari hayana mahali msikitini. Neno lao lina asili katika fikihi, halifai kudharauliwa. Lakini ilikuwako chuki nyingine, nayo ni kumwona mtumwa na sharifu wameketi jamvi moja. Na utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria katika pwani ile ila mwaka 1907.

Msikiti wa Riyadha ukasimama kiasi cha mwaka 1900, na chuo pamoja nao. Habib Saleh alifariki mwaka 1935, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wanawe wakakishika chuo, na kila Mfunguo Sita watu huvuka bahari kwenda Amu kuisoma maulidi ile kwa matari yale yale.