Desemba Nyumbani kwa Profesa Tolkien

Safari hii tumeona tuwasimulie habari za mtu ambaye vijana wetu wanamjua kwa sinema kuliko kwa vitabu, naye ni Profesa John Ronald Reuel Tolkien, mtungaji wa The Hobbit na The Lord of the Rings. Hatutasimulia yote. Tutakaa zaidi juu ya mwezi mmoja tu, mwezi wa Desemba, kwa kuwa nyumbani kwake mwezi huo ulikuwa wa kusoma, kuandika na kuwachekesha watoto, na ikawa hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Wengine watashangaa kusikia kwamba Tolkien alizaliwa katika bara hili letu la Afrika. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, tarehe 3 Januari, 1892, baba yake akiwa meneja wa benki huko. Tarehe 31 ya mwezi huo huo alibatizwa katika kanisa kuu la Kianglikana la mji ule. Mwaka 1895 mama yake, Mabel, aliwachukua watoto wake wawili wa kiume kwenda Uingereza kuwasalimu ndugu, kwa kuwa joto lilimsumbua yule mkubwa. Baba alibaki kazini, akaugua homa ya baridi yabisi, akafariki Februari 1896. Mtoto hakumwona tena baba yake, wala hakuwa na umri wa kumkumbuka sana.

Mabel alibaki mjane mwenye fedha kidogo. Hakuweza kulipa ada ya shule, basi akawafundisha watoto mwenyewe: kusoma, kuandika hati nzuri, Kilatini, kuchora, na majina ya mimea. Kufika umri wa miaka minne Tolkien alikuwa anasoma. Sisi tuliokaa miaka mingi katika chuo cha ualimu tumewahi kuona walimu wengi hodari, lakini mama huyu tungemweka mbele yao.

Hapa inatubidi tuseme jambo ambalo si la kutufurahisha sisi Waanglikana. Mwaka 1900 Mabel alijiunga na Kanisa Katoliki. Ndugu zake walikasirika sana. Shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye alikuwa nguzo ya kanisa lake la Kianglikana, alikuwa akimsaidia fedha kidogo. Akaukata msaada ule. Ndugu za marehemu mumewe, waliokuwa Wabaptisti, nao hawakupendezwa. Mjane akaendelea hivyo hivyo na umaskini wake, akapata ugonjwa wa kisukari, na wakati ule insulini ilikuwa haijagunduliwa. Ilianza kutumika mwaka 1922. Alifariki Novemba 1904, Tolkien akiwa na miaka kumi na miwili. Mpaka uzee wake Tolkien aliamini kwamba mama yake alikufa kwa ajili ya imani yake, na kwamba ugumu wa jamaa ulichangia. Sisi hatutaki kumwamulia kesi mtu asiyekuwapo kujitetea, lakini fedha ile ya shemeji ilikuwa ya chakula cha watoto yatima, na tofauti ya makanisa haikuwapunguzia njaa.

Yatima hao walilelewa chini ya uangalizi wa padre mmoja Mkatoliki, Francis Morgan. Tolkien akasoma kwa bidii, akapenda lugha za kale kupita kiasi, akaingia Oxford. Alimpenda msichana Edith Bratt, yatima kama yeye, ambaye alikuwa Mwanglikana na alipiga kinanda kanisani. Padre alimkataza kumwandikia mpaka atimize miaka ishirini na moja, naye akatii. Walioana Machi 1916, na miezi michache baadaye akapelekwa vitani Ufaransa, kwenye mapigano ya Somme. Huko alipoteza wawili katika rafiki zake wakubwa watatu wa shuleni. Yeye aliugua homa ya mahandaki iliyoletwa na chawa, akarudishwa nyumbani, na pengine homa hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Basi mtu huyu ambaye hakupata kukaa na baba, akawa baba. Watoto wake walikuwa wanne: John, Michael, Christopher, na Priscilla aliye mdogo wa wote. Desemba 1920 John alikuwa na miaka mitatu, akamwuliza baba yake Baba Krismasi ni mtu wa namna gani na anakaa wapi. Wengi wetu tungemjibu mtoto kwa neno moja na kumwambia akacheze. Tolkien, ambaye mwaka huo alikuwa ameanza kufundisha Chuo Kikuu cha Leeds, alichukua kalamu na rangi, akaandika barua kana kwamba imetoka Ncha ya Kaskazini, na ndani akatia picha ya mzee huyo na nyumba yake kwenye theluji. Mwandiko ulikuwa wa kutetemeka, kwa maana mwenye kuandika ni mzee wa miaka zaidi ya 1900 na mahali penyewe ni pa baridi.

Tangu mwaka huo barua hazikukosa kila Desemba mpaka 1943. Bahasha ilikuwa na stempu za Ncha ya Kaskazini, alizozichora yeye mwenyewe. Mara nyingine ilikutwa nyumbani asubuhi ikiwa na theluji ya bandia juu yake, na mara nyingine aliileta tarishi wa posta. Watoto nao waliandika majibu na kuyaweka mekoni pa kuotea moto, na wakitoka chumbani barua inatoweka.

Kadiri watoto walivyoongezeka ndivyo hadithi ilivyokua. Akaingia Dubu wa Kaskazini, msaidizi wa Baba Krismasi, mwenye moyo mwema na mikono ya kuharibu. Mwaka 1925 dubu huyu alipanda juu ya nguzo ya Ncha ya Kaskazini ili ateremshe kofia iliyopeperushwa na upepo. Nguzo ikakatika, ikaangukia paa la nyumba, ikabidi wahame. Mwaka uliofuata alifungua bomba la taa za angani za kaskazini, zote zikawaka kwa mara moja. Mwaka 1936 alilala usingizi bafuni na maji yanamwagika, yakashukia chumba cha chini walimokuwa wanafunga zawadi za watoto wa Uingereza. Tena alikuwa na tabia ya kuandika maneno yake pembeni mwa barua, kwa herufi nene za mtu mwenye kiganja kinene, akimsahihisha bwana wake na kujitetea. Baadaye akaja na katibu mwenye mwandiko mwembamba wa kupendeza. Hivyo baba mmoja aliandika kwa mikono mitatu, na watoto walijua kila mmoja kwa hati yake. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza ataona faida ya jambo hili bila kuelezwa.

Tusidhani kwamba alikuwa na nafasi. Kuanzia 1925 alikuwa profesa Oxford, lakini mshahara haukutosha ada za shule na gharama za waganga, na kila kiangazi alisahihisha mitihani ya wanafunzi wa sekondari ili aongeze fedha. Katika lundo moja la mitihani alikuta ukurasa mtupu. (Waliowahi kusahihisha mitihani wanajua furaha ya ukurasa mtupu.) Akaandika juu yake sentensi moja juu ya kiumbe mfupi akaaye shimoni, wala yeye mwenyewe hakujua bado kiumbe huyo ni nani.

Kutokana na sentensi hiyo ikatoka The Hobbit, na hiyo pia ilikuwa hadithi ya nyumbani kabla ya kuwa kitabu. Aliwasomea wale wavulana watatu jioni za baridi baada ya chai. Christopher, mtoto mdogo bado, alikuwa akimkatiza baba yake na kumwambia kwamba juzi mlango wa mhusika ulikuwa wa rangi nyingine, na baba anainuka kwenda kuandika kosa. Kitabu kilitolewa Septemba 1937. Desemba ile Christopher, akiwa na miaka kumi na mitatu, alimwandikia Baba Krismasi kumweleza habari za kitabu cha baba yake, akamshauri akitumie kuwa zawadi. Kwa siku hizo hizo, katikati ya Desemba, baba naye alikaa mezani akaandika sura ya kwanza ya hadithi mpya, kwa kuwa wachapishaji walitaka nyingine. Hiyo mpya ndiyo The Lord of the Rings, ambayo ilimchukua miaka kumi na miwili kuiandika, ikatolewa 1954 na 1955. Msomaji makini ataona kwamba wasafiri wa hadithi ile wanaanza safari yao tarehe 25 Desemba, na uovu wanaoupiga vita unaanguka tarehe 25 Machi, ambayo ni sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Mariamu. Mwandishi hakutaja kanisa popote, akaacha tarehe ziseme.

Tukirudi kwenye barua. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, msomaji aliyebaki alikuwa Priscilla peke yake. Baba Krismasi hakumficha mtoto. Alimweleza kwamba bohari zake zinapungua na kwamba watu wengi wamehama makwao. Bado dubu aliandika upuuzi wake pembeni. Tunaona hapo jinsi mtu aliyeziona maiti za Somme alivyopima maneno ya kumwambia binti wa miaka kumi.

Barua ya mwisho ni ya 1943, Priscilla alipokuwa na miaka kumi na minne. Ndani yake Baba Krismasi anamwaga, akimweleza kwamba hawatupi namba za rafiki zao wa zamani wala barua zao, na kwamba wanatumaini kurudi siku watakapokuwa na nyumba na watoto wao. Mwezi uliofuata, Januari 1944, Christopher alisafiri kwa meli kwenda Afrika Kusini kufundishwa urubani, katika nchi ile ile alikozaliwa baba yake. Baba alimfuatisha kwa posta sura za The Lord of the Rings, moja baada ya nyingine, kwa kadiri zilivyopigwa chapa.

Tolkien alifariki tarehe 2 Septemba, 1973, akazikwa Oxford pamoja na Edith aliyemtangulia mwaka 1971. Barua zile zilikuwa zimetunzwa pamoja na picha zake. Mkwe wake, mke wa Christopher, alizitengeneza kuwa kitabu mwaka 1976, na nyayo za dubu zimo.