Mwalimu Nyerere na bei moja ya mahindi

Kila msimu wa mauzo, mkulima wa Usevya hujiuliza: kwa nini gunia langu lishuke bei kwa sababu tu niko mbali na soko? Mwalimu Julius Nyerere aliwahi kulijibu swali hilo kwa vitendo, na jibu lake lilikuwa na gharama.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, kisha akaiongoza TANU tangu 1954 hadi uhuru wa 1961. Azimio la Arusha la 1967 lilitaka maendeleo yaanzie kwenye kilimo.

Kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, wengine kwa nguvu, wakaacha mashamba yao. Ukame ukaingia, nchi ikaagiza nafaka nyingi kutoka nje. Katika miaka hiyo serikali ikaweka bei moja ya mahindi nchi nzima, pamoja na ruzuku ya mbegu na mbolea.

Mwaka 1974 Mpanda ilitolewa Tabora ikaingia Mkoa mpya wa Rukwa. Kwetu bei hiyo ilikuwa mkombozi. Gharama ya lori haikukatwa kwa mkulima, ilibebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Rukwa, Ruvuma, Iringa na Mbeya zikawa ghala la taifa.

Lakini NMC ilizama kwenye madeni, na wakulima wakacheleweshewa malipo. Vyama vya ushirika, ambavyo vingewasemea, vilikuwa vimefutwa mwaka 1976. Baadaye Mwalimu alikiri kuwa kuvifuta lilikuwa kosa. Sheria ya 1982 ikavirudisha.

Mwalimu aling'atuka urais 1985, akarudi Butiama kulima. Bei moja nayo ikaondoka biashara ya nafaka ilipofunguliwa. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua sehemu tu ya mahindi yetu. Yanayobaki tunapatana na wafanyabiashara, na umbali unarudi kwenye bei. Kwa hiyo mradi mpya wa kilimo ukiletwa kijijini, tuulize mapema mkutanoni: usafiri analipa nani, fedha zetu zitatoka lini, na zikichelewa tutasemewa na nani?