Leslie Brown, bwana shamba aliyeunguzwa na Natron

Sisi wa Engaresero, Pinyinyi na Gelai magadi tunayajua jikoni: kipande kidogo tu na makande yanaiva upesi. Mtu tunayemkumbuka mwaka huu aliyajua kwa miguu yake.

Leslie Brown alizaliwa India mwaka 1917, akasoma Uskoti. Hakuja Afrika kama mtaalamu wa ndege. Alikuwa bwana shamba wa serikali ya kikoloni, kwanza Nigeria, kisha Kenya kuanzia 1946. Alipokuwa Embu alitumia muda wake wa mapumziko kuwafuatilia tai wa kilima kimoja, kiota kwa kiota, mwaka hadi mwaka. Uvumilivu huo ndio uliomfanya mtafiti.

Siku zile heroe, ambao wengi wetu tunawaita flamingo, walijaa Nakuru na maziwa mengine ya Bonde la Ufa, lakini wataalamu hawakuwa wamethibitisha heroe wadogo wanataga wapi. Mwaka 1954, akiwa angani juu ya Natron, Brown aliona viota vyao katikati ya tope. Kuona kutoka juu hakukumtosha. Akaingia ziwani kwa miguu.

Hapo mzee yeyote wa kwetu angemshika mkono. Gamba la juu lilipasuka, akazama kwenye tope la moto, buti zikajaa magadi. Alijikokota hadi akatoka, lakini miguu ilikuwa imeungua vibaya. Alilazwa wiki kadhaa, akapandikizwa ngozi, almanusura aipoteze yote miwili.

Alipopona aliendelea na heroe wale wale, na mwaka 1959 akatoa kitabu juu yao. Ikaeleweka kwamba tope lililomuunguza ndilo boma la vifaranga: fisi na mbweha hawalivuki. Mwaka 1962 Natron ilifurika, heroe wakaenda kutaga Ziwa Magadi, upande wa Kenya. Huko magadi yaliganda kwenye miguu ya vifaranga kama pingu, na watu wakaingia kuzivunja, kifaranga baada ya kifaranga. Natron haina mbadala wa maana kwa ndege hawa.

Baadaye Brown alifanya utafiti Ethiopia, akaandika pia juu ya tai na mwewe wa dunia nzima. Alifariki Kenya mwaka 1980. Mwaka 2001 ziwa letu liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na kila mpango wa kiwanda cha magadi unapozuka, hoja ya kwanza mezani huwa ni viota vile.

Ukurasa huu tumeuweka kabla ya ule wa michango ya gari la wagonjwa, na si kwa bahati. Brown alifikishwa hospitali. Mama anayeshikwa na uchungu usiku huku kwetu bado anasubiri lifti.