Kabla ya Elsa Yalikuwapo Maua

Mtajie mwanafunzi yeyote jina la Joy Adamson, naye atakujibu kwa neno moja: simba. Hana lawama. Kitabu cha mwaka 1960 kuhusu Elsa, simba jike aliyelelewa na watu kisha akarejeshwa porini, kilienea ulimwenguni kote, na filamu ya mwaka 1966 ikamalizia kazi. Lakini mimi, nifundishaye bayolojia huku Mau Narok, naona kwamba simba huyo ametufunika sisi walimu macho tusiione sehemu ya maisha ya mama huyu inayotufaa zaidi. Elsa alizaliwa mwaka 1956. Kufikia hapo Joy alikuwa amechora mimea ya nchi hii kwa miaka mingi.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya dola ya Austria-Hungaria na ambao leo ni Opava, Jamhuri ya Cheki. Jina lake lilikuwa Friederike Gessner. Alikuja Kenya mwaka 1937, akiwa ametangulizwa na mume wake wa kwanza ili aitazame nchi iwapo ingewafaa kuhamia. Safarini akakutana na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea, na ndoa ya kwanza ikaishia hapo. Bally ndiye aliyempa jina la Joy, yaani Furaha. Walioana mwaka 1938, na mwaka huohuo wakawa pamoja katika msafara wa Makumbusho ya Coryndon, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, kwenye vilima vya Chyulu. Huko ndiko alikoanza kuyachora maua ya mwituni.

Hapa namwomba msomaji atue kidogo, kwani watu wengi hudhani kuchora maua ni pambo tu. Mmea ukibanwa na kukaushwa kati ya kurasa za gazeti (hata hili ulilolishika linafaa sana), hubaki na umbo la jani na mpangilio wa mbegu, lakini rangi huchujuka na ua hulala bapa. Mchoro uliofanywa kwa rangi za maji, ua likiwa bado bichi, huhifadhi kile ambacho karatasi ya kukaushia imekipoteza. Isitoshe, ua halimngoji mtu. Hufunguka kwa majira yake, mengine kwa siku chache tu baada ya mvua. Mtafiti apitaye mahali wakati wa kiangazi peke yake hurudi na orodha pungufu, akaapa kwamba mmea fulani haupo, kumbe umelala ardhini ukingoja masika. Ndiyo sababu kazi hii hurudiwa msimu baada ya msimu, mahali palepale.

Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, mlinzi wa wanyamapori katika wilaya kame za kaskazini, akaendelea kuchora. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunukia nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro hiyo. Baadaye serikali ya kikoloni ilimwajiri achore watu wa makabila ya Kenya, na michoro ya mimea na ya watu ikahifadhiwa na makumbusho yetu.

Hakuwa malaika. Waliofanya kazi naye walimwona mkali, mgumu wa kusuluhishwa. Tena alitembea katika nchi iliyotawaliwa, na wenyeji waliobeba mizigo na kumwonyesha njia hawakuandikwa majina yao pembeni mwa michoro. Hilo lisemwe darasani bila kumung'unywa.

Nasi huku juu tuna hoja yetu. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 katika hifadhi ya Msitu wa Mau Mashariki peke yake. Kila mvua ndefu zinapopungua huwapeleka wanafunzi ukingoni mwa msitu uliosalia. Tunatandaza kamba, tunapima mraba wa mita moja kwa moja, tunaorodhesha kila kilichomo: nyasi, magugu, miche. Mche wa mwerezi huzua mabishano matamu, kwa kuwa Mmaasai huuita oltarakwai, Mkalenjin tarakwet na Mkikuyu mutarakwa. Majina ya jirani wanaogombania ardhi, nayo ni jina moja! Kisha mtoto huuliza ni nini kilichoota mahali ambapo leo pana viazi na shayiri. Jibu hupatikana kwa wazee, na katika karatasi za wale waliopita kabla ya shoka.

Karatasi hizo zilikuja kuzaa matunda. Orodha kuu ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952, ilikamilika mwaka 2012 ikiwa na spishi 12,104.

Joy Adamson aliuawa tarehe 3 Januari 1980 huko Shaba. Aliyekuwa mfanyakazi wake alipatikana na hatia. Majivu yake yalipelekwa Meru, kwa Elsa. Nyumba yake, Elsamere, ingali kando ya Ziwa Naivasha, katika kaunti yetu hii ya Nakuru, na hupokea wageni. Shule nyingi hupita njia ya Naivasha kwenda kutazama viboko. Zikiingia humo pia, walimu wasikomee kwenye picha za simba.