Enoch Sontonga: Mwalimu wa Kwaya Aliyeiachia Afrika Wimbo

Unaposimama mstarini na kuimba Wimbo wa Taifa wa Tanzania, unaimba muziki uliotungwa mwaka 1897 kwa ajili ya wanafunzi. Aliyeutunga hakuwa mwanasiasa wala mfalme, bali mwalimu wa shule ya misheni nchini Afrika Kusini aliyefundisha kwaya. Soma wasifu wake kwa makini, kisha ujibu maswali yaliyo mwishoni. Unaposoma, tenganisha mambo mawili: alichokitunga yeye mwenyewe na kilichoongezwa na wengine baada ya kifo chake.

Kuzaliwa na elimu

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa mwaka 1873 hivi huko Uitenhage, katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Rasi ya Mashariki. Alikuwa Mxhosa. Alisomea ualimu katika Chuo cha Lovedale, kituo maarufu cha misheni ya Waskoti. Lovedale ilikuwa pia mahali pa muziki. Kabla ya Sontonga, mtunzi John Knox Bokwe wa hapohapo alikuwa ameshaandika na kuchapisha nyimbo za kwaya kwa lugha ya Kixhosa. Kwa hiyo Sontonga alikulia katika utamaduni ambao Mwafrika hakusubiri kuletewa wimbo kutoka Ulaya, bali aliweza kutunga wake kwa lugha yake.

Kazi ya ualimu

Mwaka 1896 Sontonga alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa eneo hilo miaka 10 tu kabla yake, yaani mwaka 1886, na maelfu ya watu walimiminika kutafuta kazi. Waafrika waliofanya kazi huko walitoka sehemu na lugha mbalimbali, waliishi kwa shida na hawakuwa na sauti katika utawala wa nchi.

Mbali na kufundisha darasani, Sontonga aliongoza kwaya, alihubiri kanisani na alipiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakajaliwa mtoto wa kiume.

Jinsi alivyotunga nyimbo

Shule za misheni za wakati ule hazikuwa na piano kwa kila mwalimu, wala vitabu vya kutosha. Sontonga aliandika nyimbo zake kwa noti za solfa, yaani zile herufi zinazowakilisha do, re, mi, fa, so, la, ti. Mfumo huu ulienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, na hadi leo unatumiwa na kwaya nyingi za Afrika Mashariki.

Faida zake ni tatu. Kwanza, mwalimu anaweza kuandika wimbo mzima ubaoni kwa chaki, bila mistari mitano ya noti za Kizungu. Pili, do haifungwi mahali pamoja. Mwalimu huishusha au kuipandisha kulingana na uwezo wa waimbaji wake. Tatu, sauti zote nne zinaweza kupangwa moja chini ya nyingine, yaani soprano, alto, teno na besi, na kila kundi likasoma mstari wake.

Wimbo aliouandika mwaka 1897 unaitwa Nkosi Sikelel' iAfrika. Sontonga alitunga muziki wake, ubeti wa kwanza na kiitikio. Ni sala ya kuiombea Afrika baraka. Muziki wake umejengwa kama tenzi za kanisani: sauti nne hutembea pamoja, vipande ni vifupi, na maneno yanarudiwa. Katika kiitikio sauti hupokezana, kundi moja likitangulia na jingine likiitikia, jambo ambalo waimbaji wa Kiafrika walilizoea tangu nyumbani. Ndiyo maana wimbo huu hujifunzwa haraka hata na mtu asiyejua kusoma noti.

Wimbo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumweka wakfu Mchungaji Boweni wa Kanisa la Methodisti. Baada ya hapo kwaya ya Sontonga iliendelea kuuimba katika matamasha.

Kifo na daftari lililopotea

Sontonga alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka 32 hivi. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg. Hakuacha mali wala kitabu kilichochapishwa. Aliacha daftari la nyimbo alizoziandika kwa mkono.

Daftari hilo liliazimwa na walimu wa kwaya waliotaka nyimbo za kufundisha. Lilipita mkono kwa mkono, na mwishowe likapotea. Nyimbo nyingi zilizokuwamo zilipotea pamoja nalo. Nkosi Sikelel' iAfrika ulisalimika kwa sababu ulikuwa umeshanakiliwa na kukaa midomoni mwa watu.

Safari ya wimbo baada ya mtunzi

Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube huko Natal, iliuimba wimbo huu katika matamasha ya Johannesburg, ukapendwa. Tarehe 8 Januari 1912, viongozi wa Kiafrika walikutana Bloemfontein na kuanzisha chama cha kutetea haki zao. Dube alichaguliwa kuwa rais wake wa kwanza, na wimbo wa Sontonga uliimbwa katika mkutano huo. Mwaka 1923 chama hicho kilibadili jina kikaitwa African National Congress, yaani ANC. Mwaka huohuo Sol Plaatje, mwandishi na mmoja wa waasisi wa chama, aliurekodi wimbo huo jijini London. Mwaka 1925 ANC iliufanya kuwa wimbo wake rasmi wa kufungia mikutano. Mwaka 1927 zilichapishwa beti nyingine 7 zilizoongezwa na mshairi wa Kixhosa, Samuel Mqhayi.

Wimbo ulivuka mipaka. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, iliuchukua muziki wa Sontonga na kuuimba kwa maneno ya Kiswahili, chini ya jina Mungu Ibariki Afrika. Baada ya Muungano wa mwaka 1964, jina la Tanganyika katika ubeti wa pili lilibadilishwa kuwa Tanzania. Zambia nayo ilitumia muziki huohuo kwa wimbo wake wa taifa, kwa maneno yake yenyewe.

Hapa kumbuka somo lako la matamshi. Katika Kiswahili mkazo kwa kawaida huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kuuhamisha kunaweza kubadili maana, kama katika neno barabara: njia, au sawasawa. Kwa hiyo anayeweka maneno ya Kiswahili kwenye muziki wa lugha nyingine hana budi kuhakikisha silabi yenye mkazo inaangukia pigo zito la muziki. Asipofanya hivyo, neno litasikika limepinda hata kama tafsiri ni sahihi.

Heshima iliyochelewa

Wakati wimbo unaimbwa katika nchi kadhaa, kaburi la mtunzi lilikuwa halijulikani lilipo. Sababu mojawapo ni kwamba katika kumbukumbu za makaburi alikuwa ameandikwa kwa jina la Enoch, ilhali waliomtafuta walitafuta Sontonga. Hatimaye lilipatikana. Tarehe 24 Septemba 1996 lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na Rais Nelson Mandela akazindua mnara wa heshima mahali hapo. Mwaka 1997 sehemu ya wimbo wa Sontonga iliunganishwa na sehemu ya wimbo wa taifa wa zamani, ukapatikana wimbo mmoja wa taifa wa Afrika Kusini.

Tunajifunza nini? Wimbo uliotungwa kwa ajili ya wanafunzi unaweza kuishi kuliko mtunzi wake, lakini hauishi wenyewe. Unahitaji watu wa kuunakili, kuufundisha na kulitunza jina la aliyeutunga. Kama nawe unatunga wimbo kwa ajili ya kwaya ya shule au ya mtaani kwenu, andika sauti zote nne, weka jina lako na mwaka, na usiazime nakala uliyo nayo pekee. Nakili kwanza, ndipo uazime.

Mambo ya kuzingatia katika mtihani

1. Usiandike kwamba Sontonga aliutungia wimbo huu chama cha ANC. Alifariki mwaka 1905, na chama kilianzishwa mwaka 1912.
2. Usiandike kwamba aliutunga uwe wimbo wa taifa. Ulikuwa sala ya kwaya. Mataifa yaliuchukua baadaye.
3. Usimpe beti zote. Yeye alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio. Beti 7 ni za Mqhayi.
4. Taja wasifu, si tawasifu. Haya ni maisha ya mtu yaliyosimuliwa na mtu mwingine.

Maswali ya kujipima

1. Eleza faida tatu za noti za solfa kwa mwalimu wa kwaya wa wakati wa Sontonga.
2. Kwa nini wimbo mmoja ulisalimika na nyingine nyingi zikapotea? Toa hoja mbili.
3. Panga kwa mfuatano wa wakati: kuanzishwa kwa ANC, kifo cha Sontonga, uhuru wa Tanganyika, kuchapishwa kwa beti za Mqhayi.
4. Fupisha sehemu inayohusu safari ya wimbo baada ya mtunzi kwa maneno yasiyozidi 60.
5. Je, mtu aliyeongeza beti kwenye wimbo wa mwingine anastahili kuitwa mtunzi wake? Jadili kwa kutumia mfano wa Sontonga na Mqhayi.