Mwalimu Margaret Dryburgh na Kwaya ya Wafungwa

Jumapili stima ikipotea na kinanda kikanyamaza, sisi wanakwaya hutazamana kana kwamba ibada imefika mwisho. Kwa hivyo, katika kijitabu hiki cha yubile, tumeona vyema tumkumbuke mama mmoja ambaye kwaya yake haikuwa na kinanda, vitabu vya nyimbo wala chakula cha kutosha.

Margaret Dryburgh alizaliwa mwaka wa 1890 mjini Sunderland, Uingereza, akiwa binti wa mchungaji wa Kipresbiteri. Alisomea ualimu, kisha uuguzi, na mwaka wa 1919 akaenda China kama mmisionari. Baadaye alihamia Singapore, akawa mkuu wa shule ya wasichana. Alipiga piano na kutunga nyimbo.

Februari 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani waliiteka Singapore. Meli aliyokuwa akikimbilia usalama ilikamatwa, naye akafungwa katika kisiwa cha Sumatra, ambacho leo ni sehemu ya Indonesia. Alikuwa kambini pamoja na mamia ya wanawake na watoto: Waingereza, Waholanzi na Waaustralia, wauguzi, walimu, watawa na akina mama wenye familia. Hakuna aliyekuwa amehukumiwa kwa kosa lolote.

Mwalimu Dryburgh aliongoza ibada na kutunga wimbo wa sala wa wafungwa. Uliimbwa mara ya kwanza Jumapili, tarehe 5 Julai 1942, na tangu hapo ukawa wimbo wao wa kila Jumapili.

Mwaka wa 1943 yeye na Norah Chambers, mfungwa mwenzake aliyesomea muziki London, waliunda kwaya ya wanawake wapatao 30. Kwa kuwa wafungwa hawakuwa na lugha moja, waliamua kuimba bila maneno, sauti zikifanya kazi ya ala. Mwalimu alizikumbuka kichwani kazi za Dvořák, Beethoven, Chopin na wengine, akaandika nota zake kwa mkono na kuzigawa katika sauti nne za wanawake. Norah ndiye aliyeongoza.

Tarehe 27 Desemba 1943 waliimba mbele ya kambi nzima. Waliimba wakiwa wameketi, kwa maana miguu haikuwa na nguvu ya kuwasimamisha. Mlinzi mmoja alikuja kwa ukali kuwatawanya, lakini sauti zile zikamtuliza, akabaki kusikiliza.

Kwaya hiyo haikunyamazishwa na amri. Ilinyamazishwa na njaa na malaria. Kufikia mwaka wa 1945 karibu nusu ya waimbaji walikuwa wamekufa, na waliobaki hawakuwa na pumzi ya kuimba. Aprili mwaka huo wafungwa walihamishwa tena kwa safari ngumu, na Mwalimu Dryburgh akafariki tarehe 21, akiwa na miaka 55. Vita viliisha Agosti. Nota zake zilitoka kambini pamoja na walionusurika, na kwaya zinaziimba hadi leo.

Wapendwa, maisha haya yametugusa na pia yametuaibisha. Kwaya yetu imeimba harusini, matangani na mashindanoni, lakini gerezani tumekwenda mara moja tu. Siku hiyo tuliimba nyimbo sita, tukapiga picha langoni, tukaondoka. Hatukumuuliza mfungwa hata mmoja kama naye anaimba. Na bado, katika ushirika wetu wamo wazazi ambao watoto wao wako ndani, nao huketi viti vya nyuma bila kusema.

Paulo na Sila waliimba wakiwa wafungwa, na Mwalimu Dryburgh vilevile. Mungu hakungoja wageni wenye sare walete sifa gerezani. Tunapokata keki ya yubile, azimio letu ni hili: tutarudi kule na nyimbo chache zaidi, tukae chini, tuwaachie nafasi waimbe wao, nasi tuitikie.