Harold Black: Mhandisi aliyesafisha sauti ya amplifaya

WAPENZI wa muziki wanapobishana kuhusu amplifaya ipi inafaa kwa sebule, ya vali za kioo au ya transista, ni nadra kulitaja jina la Harold Stephen Black. Hata hivyo, takriban kila mtambo wanaoulinganisha hutumia mbinu yake, na michache iliyosalia huuzwa kwa sifa ya kuikwepa.

Black alizaliwa mnamo 1898 mjini Leominster, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alihitimu katika uhandisi wa umeme mnamo 1921, akaajiriwa na Western Electric jijini New York, katika idara iliyokuja kuwa Bell Laboratories mnamo 1925.

Kazi aliyopewa haikuhusu muziki bali simu za masafa marefu. Sauti iliyovuka bara ilipitia amplifaya nyingi zilizofuatana, na kila moja iliongeza kasoro zake juu ya zile za iliyotangulia. Wahandisi wengi waliamini kwamba suluhisho lilikuwa kuunda vali bora zaidi. Mnamo 1923, baada ya kuhudhuria mhadhara wa mwanasayansi Charles Steinmetz, Black aliligeuza swali. Alikubali kwamba amplifaya haiwezi kukosa kasoro, akaanza kutafuta namna ya kuiondoa kasoro hiyo baada ya kutokea.

Mtambo wake wa kwanza ulilinganisha sauti iliyotoka na ile iliyoingia, ukaipata tofauti, kisha ukaitoa. Ulifanya kazi, lakini ulihitaji kurekebishwa kila mara. Black alihangaika nao kwa miaka minne.

Asubuhi ya Agosti 2, 1927, akivuka Mto Hudson kwa feri kwenda kazini, jibu lilimjia. Aliuchora mchoro wake juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo, akatia sahihi.

Wazo lenyewe ni rahisi kueleza. Sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa mwanzoni ikiwa imepinduliwa, ili kasoro ijifute yenyewe. Gharama yake ni kupoteza nguvu. Amplifaya inayokuza mara 100,000 ikilazimishwa kukuza mara 100 pekee, mvurugo wa sauti hupungua takriban mara 1,000.

Hapo ndipo matata yalipoanza. Wahandisi waliokuwa wametoka jasho kutafuta nguvu hiyo sasa waliombwa kuitupa. Isitoshe, wengi waliamini kwamba kurudisha sauti mwanzoni kungezua mlio ule unaokera masikio kipaza sauti kinaposogezwa karibu na spika. Ombi la hataza aliloliwasilisha mnamo 1928 lilikubaliwa Desemba 1937, miaka tisa baadaye. Nchini Uingereza, maafisa walilitilia shaka kama madai ya mashine isiyohitaji nishati. Mwenzake, Harry Nyquist, ndiye aliyeonyesha kwa hesabu mnamo 1932 ni wakati gani mtambo hutulia na wakati gani hulia.

Nyumbani, mbinu hiyo ilipata umaarufu mnamo 1947, Mskoti D.T.N. Williamson alipochapisha katika jarida la Wireless World mchoro wa amplifaya ya wati 15 yenye mvurugo usiofika asilimia 0.1. Watu waliojua kuchomea waya walijiundia wenyewe, wakaachana na mitambo yao ya zamani.

Baadaye baadhi ya watengenezaji waliitumia vibaya, wakifukuzia tarakimu za kuvutia kwenye vijitabu vya mauzo. Mnamo 1970, Matti Otala wa Finland alieleza kuwa saketi iliyo nzito kuitikia huweza kuzua mvurugo mwingine muziki unapobadilika ghafla, hata vipimo vya kawaida vikiwa vizuri. Lawama hiyo haimstahili Black. Dawa yake haikukusudiwa kuficha ubovu wa mtambo uliosanifiwa ovyo.

Black alistaafu kutoka Bell Laboratories mnamo 1963, akaingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani mnamo 1981. Alifariki Desemba 1983 akiwa na umri wa miaka 85.